Maini ya Kuku ya Fundi Reino

Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, fundi Reino Kallio alipanga foleni kwenye kaunta ya nyama ya duka la Maki, akachukua kijikaratasi chake cha namba kama watu wengine, akasubiri kuitwa. Alipoitwa aliomba kitu kile kile: maini ya kuku, robo kilo. Mwanamke wa kaunta, Verna Sawchuk, alimpimia, akamfungia, akamuuliza swali lile lile.

"Paka hajambo?"

"Hajambo. Anakula huyo, utadhani ana mkataba."

Reino hakuwa na paka. Mkewe, Aili, akipita tu karibu na nyumba yenye paka hupiga chafya mpaka machozi. Kwa miaka kumi na nne mzee huyu alinunua maini ya paka asiyekuwepo, na kila alipotoka dukani alijiona mwizi, ingawa alikuwa amelipa kila senti. Sababu ilikuwa huyo mwanamke wa kaunta. Verna hakuzaliwa kuuza nyama, na aliyemfikisha pale alikuwa yeye Reino.

Wengi wetu hapa Port Merrin hatukijui chumba kile cha chini hospitalini mpaka siku daktari atakaposema, "Tutachukua kijipande kidogo tukipime." Kijipande hicho hakipimwi kikiwa kibichi. Kwanza kinakaushwa maji yote, kidogo kidogo, kwa spiriti. Kisha kinapitishwa kwenye zailini, dawa kali inayonuka kama rangi ya milango. Mwisho kinanyweshwa nta ya moto mpaka kigande. Hapo ndipo mafundi wa maabara wanapokikata vipande vyembamba kupita utando wa kitunguu, wavibandike kwenye vioo, na daktari atazame kama kuna saratani au hakuna. Kazi ya kukausha na kunywesha inafanywa na mashine wakati watu wamelala. Mashine ya enzi hizo ilikuwa kubwa kama friji, ina chupa kumi na mbili tumboni, na wenyewe waliipa jina la Agnes kwa sababu ilikoroma.

Reino ndiye aliyekuwa mganga wa Agnes. Baba yake alitoka Ufini, akazeekea kwenye kiwanda cha karatasi, na kwake mtoto alijifunza kushika bisibisi kabla ya kijiko. Mikono ya Reino ilikuwa na sifa mji mzima. Alinoa visu vya maabara, alizibua bomba za nta, aliijua mashine iliyochoka kwa kuisikiliza tu. Sifa nayo ina ubaya wake: ukiisikia kila siku unaanza kuamini kwamba mikono yako haihitaji kuangaliwa.

Ijumaa moja ya Februari, miaka kumi na nne iliyopita, alikuwa amepiga magoti nyuma ya Agnes akibadilisha mirija miwili iliyokauka na kuanza kupasuka. Mmoja ulikuwa wa chupa ya spiriti ya kwanza, ile iliyochanganywa na maji. Mwingine, uliokuwa chini yake tu, ulikuwa wa chupa ya mwisho ya zailini. Upande wa mbele Verna alikuwa akimwaga dawa zilizochoka na kujaza mpya, kazi yake ya kila Ijumaa. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane, na kumi na sita kati ya hiyo alikuwa ameimalizia katika chumba kile.

"Fundi," Verna alisema, "kama mngeyaombea mawe yenu kwa magoti namna hiyo, mwaka jana msingepigwa kumi kwa mbili."

"Kumi kwa tatu. Usitupunjie."

"Haya, kumi kwa tatu. Mabingwa wa dunia!"

Jioni hiyo kulikuwa na mashindano ya kusukuma mawe kwenye barafu, na Reino ndiye aliyekuwa wa mwisho kutupa katika timu yake, yaani yule ambaye bila yeye hakuna mchezo. Wenzake watatu walikuwa nje ndani ya gari, injini inanguruma, na mwenye gari hakuwa mtu wa subira. Simu ikalia. Ikalia tena.

Fundi mwenye akili hutoa mrija mmoja, anafunga mpya, ndipo anagusa wa pili. Akitoa yote miwili kwa pamoja, basi anaitia alama kwa utepe, mwekundu juu, wa buluu chini. Reino aliyafundisha hayo kwa wengine. Siku hiyo aliitoa yote miwili kwa mkupuo, na utepe ulikuwa umebaki kwenye gari lake mwisho kabisa wa maegesho, ambako kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Akajisemea, "Nitakumbuka." Akafunga, akakaza, akafuta mikono.

Likabaki jambo moja. Kwenye karatasi ya matengenezo, mstari wa tisa, pameandikwa kwamba mashine ikishafunguliwa isirudishwe kazini kabla ya kupitishiwa nyama ya majaribio na nyama hiyo kukatwa na kutazamwa. Hilo lingemaanisha kuingojea Agnes mpaka kesho yake. Reino alitia alama ya vema kwenye mstari wa tisa, akatia sahihi, akatoka mbio. Kutia alama hiyo kulichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Timu yake ilishika nafasi ya tatu, na kila mmoja akapewa bata mzinga aliyegandishwa. Aili alimchoma Jumapili, wakamla na viazi, na Reino akaongeza mara mbili. 

Jumatatu saa moja asubuhi alipigiwa simu na Gail Tessier, msimamizi wa maabara.

"Njoo, Reino. Tishu zote za Ijumaa zimekuwa uji."

"Zote?"

"Zote. Thelathini na moja. Kubwa kubwa tuna akiba kwenye mitungi, tutarudia. Lakini kuna mzee mmoja, Orville Pask, wa reli. Walimchoma sindano kwenye pafu, na walichopata chote kiliingia Agnes. Hatuna hata punje."

Alipofika, chupa zote kumi na mbili zilikuwa tupu. Ilikuwa amri ya maabara: mzunguko ukiharibika, mwaga kila kitu, usafishe, uanze upya. Verna alikuwa ameshatimiza amri, na kwa kufanya hivyo alikuwa ameumwaga ushahidi wake mwenyewe. Kilichobaki ni dhana, na dhana ya Gail ilikuwa imeshamwelekea mtu: nani alijaza chupa Ijumaa?

Reino akapiga magoti pale pale alipopiga Ijumaa, akawasha tochi. Akaona. Mrija wa juu ulikuwa umefungwa chini, na wa chini umefungwa juu. Nyama za watu thelathini na mmoja zilikaushwa vizuri mpaka mwisho, kisha zikaloweshwa upya kwa spiriti yenye maji, ndipo zikatiwa kwenye nta. Nta na maji havipatani. Hilo hata mtoto wa shule analijua.

Mkono wake ulikwenda kwenye spana kabla kichwa hakijasema lolote. Alifungua, akapishanisha, akakaza. Ilikuwa kazi ya dakika mbili, na mwili wa mashine ulimficha. Alipomaliza alibaki amepiga magoti, jasho linamtiririka ndani ya chumba chenye ubaridi, akijiambia kwamba akisimama atasema. Akasimama. Verna alikuwa mbele yake na kikombe cha kahawa aliyomletea, macho mekundu.

"Reino, niambie ukweli. Ni mashine, au ni mimi?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pake. Maisha yote yaliyofuata Reino alirudi pale, akasimama mbele ya kikombe kile, akasema maneno mengine. Lakini siku yenyewe alisema:

"Mashine nzima, Verna."

Akaandika hivyo hivyo kwenye jalada la Agnes: *Imekaguliwa. Mashine nzima. Hakuna hitilafu.* Kahawa akainywa.

Verna hakufukuzwa. Huku kwetu hatufukuzi watu, tunawasogeza. Alitolewa kwenye meza ya kukatia, akawekwa kuosha vyombo na kubandika lebo kwenye mitungi, na wenzake wakawa wapole kwake kupita kiasi, jambo linaloumiza kuliko matusi. Mzee Pask alichomwa sindano ya pili, na safari hiyo pafu lilivuja hewa na kunywea. Alilala hospitalini siku kumi na moja. Saratani hakuwa nayo, ila kifua chake hakikurudi kilivyokuwa, na reli yake ndogo ya kuchezea wajukuu, aliyokuwa akiijenga ghalani, aliiacha nusu.

Siku ya nne Verna alikwenda kumwona, amebeba bakuli la pierogi, sambusa za kuchemsha za viazi, alizopika mwenyewe. Reino alikuwa wodini humo akirekebisha taa ya kitanda cha jirani. Alimsikia Verna akisema, "Mzee, ni mimi niliyeharibu kipimo chako," na akamsikia mzee akijibu kwa sauti isiyo na pumzi, "Mwanangu, nimepeleka treni nzima njia isiyo yake mimi. Kaa hapa tule." Reino alikunja nyaya zake akaondoka bila kuiwasha ile taa.

Baada ya miezi minne Verna aliacha kazi. Duka la Maki lilitafuta mtu mwenye mkono wa kisu, na mkono huo alikuwa nao.

Mwenye kidonda hujua namna ya kulalia. Reino alijitafutia namna yake. Tangu mwezi huo hakuna mashine iliyotoka mikononi mwake bila kupitishiwa nyama ya majaribio, na nyama hiyo ilikuwa maini ya kuku, kwa kuwa maini ni laini na huonyesha kosa haraka. Hata akibadilisha skrubu moja, maini. Hata akifuta vumbi, maini. Mafundi wapya wakamwita Bwana Maini. Walimcheka, kisha wakamheshimu, kisha wakawaambia wageni: huyu mzee hakosei. Na maini hayo angeweza kuyanunua popote. Aliyanunua kwa Verna, kwa sababu alitaka kila mwezi amtazame usoni, akitumaini kwamba siku moja mdomo utafunguka wenyewe. Mdomo ulifunguka kila mwezi, na kila mwezi ulisema habari za paka.

Aili aliona mengine. Mumewe, aliyekuwa haachi kuingia sauna, kile chumba cha mvuke cha Kifini, kila Jumamosi na marafiki zake, alianza kungoja wote watoke ndipo aingie peke yake.

"Unaogopa nini humo, wewe mzee?" Aili aliuliza. "Wenzio wanasema umekuwa na maringo."

"Moto wao mkali."

"Moto wao mkali! Mtoto wa Kifini wewe?"

Hakuogopa moto. Aliogopa ule ukimya wa wanaume walio uchi, ambao baba yake alimfundisha kwamba ndani yake hausemwi uongo. Mficha uchi hazai, na Reino alikuwa ameanza kujifunika hata mahali ambapo hakuna mwenye nguo.

Mzee Pask alifariki mwaka wa tano, kwa moyo. Reino alikwenda mazishini, akakaa benchi la nyuma. Verna alikaa la mbele, na familia.

Basi miaka ikaenda, Agnes akauzwa chuma chakavu, akaja mrithi wake asiyekoroma, na Reino akafikisha miaka sitini na mitano. Walimfanyia sherehe katika chumba cha chai cha maabara. Kulikuwa na keki yenye umbo la ini, yenye sukari nyekundu ya kuchukiza, na ubao wa shaba wa kutundika ukutani. Gail, ambaye sasa nywele zake zilikuwa nyeupe, alisoma maandishi yake kwa sauti: "Reino Kallio. Miaka thelathini na moja. Hakupoteza tishu hata moja."

Watu wakapiga makofi. Reino akatazama viatu vyake.

"Na kuna zawadi nyingine," Gail alisema, akacheka. "Nilikwenda kwa Maki kukununulia maini ya utani. Verna akaniuliza, 'Ya paka wa Reino?' Nikamwambia, paka gani? Ni ya mashine! Alicheka mpaka akashika kaunta. Amekuletea kadi."

Kadi ilikuwa imefungwa kwa utepe kwenye kifurushi cha maini. Reino aliifungua kwa kidole gumba. *Fundi, kumbe hakuna paka! Mjanja wewe. Ningekuwa na uangalifu kama wako, ningekuwa bado humo ndani pamoja nanyi. Pumzika salama. Verna.*

Aliisoma mara tatu. Kisha akasema anatoka kidogo kupunga upepo, na hakurudi kukata keki.

Duka la Maki lilikuwa na watu wa Ijumaa. Alichukua namba, sitini na saba. Walikuwa wamefika hamsini na tisa. Alisubiri zote nane. Kuruka foleni kwa ajili ya jambo lile aliona ni kuongeza dhambi.

"Eh, mstaafu!" Verna alisema. "Leo paka anataka nini?"

"Verna, ilikuwa mashine."

"Nini ilikuwa mashine?"

"Agnes. Ile Ijumaa. Mirija niliifunga mimi, niliipishanisha, na maini sikupitisha, nilitia alama tu nikakimbilia mchezo. Niliiona Jumatatu, ukiwa humo humo chumbani. Nikaibadilisha, nikakwambia nzima. Chupa zako zilikuwa sawa. Zote."

Verna hakupiga kelele. Aliweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye aproni, akakunja uso kama mtu anayefanya hesabu ambayo haiji.

"Hapana," alisema. "Nakumbuka. Nakumbuka mkono wangu ukimimina. Nilikuwa nakutania habari za mawe, nikacheka, nikamimina zailini kwenye chupa siyo. Naiona mpaka leo, Reino. Naiota."

"Haikutokea."

"Naiota!"

Watu wa foleni wakageuka. Reino alikuwa amejiandaa kwa miaka kumi na nne kutukanwa, na hata kupigwa na paja la kuku. Hakujiandaa kwa hili. Alidhani alimwibia kazi tu. Kumbe alimwachia na ndoto, na Verna wa watu akaipokea, akailea kama mtoto wake.

"Nilimwambia Pask ni mimi," Verna alisema polepole. "Alinishika mkono akaniambia amenisamehe. Miaka mitano nilikwenda kwake kila Jumapili. Tuliimaliza ile reli ya ghalani pamoja." Akamtazama. "Wewe ulikuja mara ngapi?"

"Mazishini."

"Mazishini." Akaokota kisu. "Uliandika 'nzima' kwenye jalada. Nenda kaandike tena. Halafu uniletee nione."

Jumatatu Reino alishuka tena kwenye kile chumba cha chini. Gail alimsikiliza akiwa amesimama, kisha akakaa.

"Una wazimu? Umestaafu juzi! Agnes amekuwa mabati ya watu."

"Jalada lake lipo?"

"Lipo." Gail alifungua kabati, akalitoa, na hakumpa mara moja. "Mimi ndiye niliyemtoa mezani, Reino. Sikumuuliza hata swali la pili. Kwa sababu wewe ulisema nzima."

"Nipe kalamu."

Aliandika chini ya maneno yake ya zamani, kwa mwandiko ule ule. Kisha akakiondoa ukutani kile kibao cha shaba, ambacho kilikuwa hakijamaliza hata siku nne, akamwachia Gail mezani.

Pale kaunta Verna aliipokea nakala ya ukurasa huo kwa ncha za vidole, akaitazama, akamrudishia.

"Soma."

"Hapa?"

"Nilisemwa hapa hapa. Soma."

Walikuwepo watu sita, na watatu kati yao walicheza naye mawe. Reino akavaa miwani. "Ukaguzi wa tarehe kumi na saba Februari ulikuwa wa uongo. Mirija ya spiriti ya kwanza na zailini ya mwisho ilipishanishwa na mimi, Reino Kallio, na haikujaribiwa. Nilirekebisha kwa siri. Verna Sawchuk alijaza chupa zake sawasawa."

"Mstari wa mwisho. Rudia."

"Verna Sawchuk alijaza chupa zake sawasawa."

Verna aliuinua mkono wake wa kulia, akautazama mbele, akaugeuza akautazama nyuma. 

"Verna," Reino alisema, "utanisamehe?"

"Aliyekuwa na haki ya kukusamehe alinisamehe mimi," Verna alisema. "Nilikula msamaha wako wote, Reino, mpaka ukaisha. Sina wa kukugawia."

Akaichukua karatasi, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa aproni. Kisha akainua macho juu ya bega la Reino, akaita namba iliyofuata.